Mikono ya Mama wa Viazi

Mamangu alilala kwangu Magongo mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya kufa, na mwisho wake nilikuwa naujua mgongo wake kuliko uso wake. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na karibu maneno yote. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilijua kinachofuata. Mtu asiyeweza kujigeuza, ngozi yake huanza kufa pale mfupa unapoegemea godoro: kwenye kisigino, kwenye nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Nilimgeuza. Nilimgeuza kabla ya kwenda kazini na nikirudi, na mchana jirani aliingia kumgeuza kama nilivyomfundisha, shuka likiwa kavu na mto katikati ya magoti.

Wekundu unaoandikwa vitabuni hauonekani kwenye ngozi kama yetu. Pale panapotaka kuchubuka huwa peusi zaidi, pana joto, na ukipapasa hupati ule ulaini wa pembeni. Joto hilo unalitafuta kwa mgongo wa vidole, kwa sababu viganja vyetu ni vigumu, havisikii vizuri. Nikawa natembeza mgongo wa vidole vyangu juu ya mamangu kila siku, kisogoni hadi visiginoni, na yeye ananitazama kwa jicho moja.

Alikufa na ngozi nzima. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Wenzangu wa kazini walionisindikiza kumzika kwao, bara, walilitaja hilo makaburini kwa sauti ya heshima, na mimi nikasema asante. Sikulia. Nilidhani nitalia tukirudi Mombasa. Tukarudi, nikafua mashuka, nikampa jirani lile godoro, nikalala.

Wiki mbili baadaye nilirudi kazini. Kituo chetu cha afya kiko upande wa Miritini, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Msimamizi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniita pembeni.

"Pole sana. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Unataka kuanzia wapi?"

Nikamwambia nataka meza ya mbele. Pale kazi ni kupima presha na joto, kuandika, kumwelekeza mtu chumba kinachofuata. Mashine ndiyo inayomgusa mgonjwa. Wewe unafunga kitambaa juu ya shati lake, unabonyeza, unasoma. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimechoka na ngozi za watu, na sikuwa na njia ya kulisema hilo mahali ambapo ngozi za watu ndiyo kazi.

Macho, hata hivyo, hayakupumzika. Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mfupi, msema polepole, aliyetufundisha kumkagua mtu kabla hajasema linalomuuma. Ngozi, nywele, kucha. Anza juu, teremka. Tumia mwanga wa dirisha, usiamini taa. Linganisha mkono na mkono, mguu na mguu. Finya ngozi uone kama inarudi upesi au inasimama kama kitambaa. Isiporudi, huyo hana maji mwilini. Bonyeza ukucha mpaka upauke, uachie, uone damu inarudi lini. Ukitaka kujua kama mtu mweusi amepungukiwa damu, usimtazame shavu, mtazame kiganja na ndani ya kope. Ukitaka kujua kama ana manjano, tazama weupe wa jicho. Alituzungusha darasani tukikaguana sisi kwa sisi mpaka tukaacha kuona haya.

Baada ya miaka kumi na saba ya kazi, hilo halizimiki. Nikiwa kanisani naona kucha za aliye mbele yangu zimebonyea kama kijiko, najua anakosa madini ya chuma. Kwenye foleni ya benki naona ncha za vidole zimevimba kama kichwa cha kijiti cha kupigia ngoma, najua mapafu yake yana shida ya siku nyingi. Zamani niliwahi hata kumsimamisha mtu njiani. Miezi ile baada ya mamangu niliona tu, kama mtu anavyosoma mabango barabarani akiwa safarini.

Kila asubuhi nilishuka Miritini pale malori yanapoegeshwa yakingoja zamu ya kuingia bandarini, nikanywa chai kwenye kibanda cha mama mmoja. Asubuhi alipika mahamri na mbaazi, adhuhuri viazi vya karai na ukwaju wake. Madereva walimwita mama wa viazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Kaloleni, Mgiriama, mwenye mwili mpana na kicheko cha ghafla. Binti yake mmoja alifanya kazi kwenye ghala la karibu na jioni alikuja kumsaidia kuosha vyombo.

Madereva walimpenda kwa mapishi yake na kwa mikono yake. Aliinua sufuria ya mbaazi motoni bila kitambaa. Hamri likianguka pembeni ya karai, alilirudisha kwa vidole. Wageni walipiga kelele, na wenyeji wakacheka: "Huyo mikono yake ni ya chuma, ndugu yangu, kaa ule." Naye alifurahi, alivikunjua vile vidole na kuwaonyesha.

Nilikuwa nimekula pale siku nyingi bila kumtazama. Asubuhi moja, wiki moja kabla ya Ramadhani kuanza, aliniinamia kunimiminia chai na jua lilikuwa linaingia upande wa uso wake. Nyusi zake ziliishia katikati. Nusu ya nje haikuwepo, upande huu na upande ule. Haikuwa kazi ya wembe, maana wembe huacha alama. Pale ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

Macho yakateremka yenyewe. Ndewe za masikio zilikuwa nene. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kulikuwa na baka kubwa lililopauka. Alikuwa amesimama juu ya moto, jasho linamtiririka shingoni, mikono yake yote inang'aa, ila lile baka lilikuwa kavu kabisa, kama jasho limefika ukingoni likakatazwa kuvuka. Halina vinyweleo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani. Kucha za mkono ule zilikuwa nene, zimepinda, moja imebaki nusu. Na juu ya vidole palikuwa na makovu ya moto, mapya kwa ya zamani, mengi kuliko anayopata mpishi anayesikia maumivu.

Kabla chai haijapoa nilikuwa najua. Sikuwahi kuona mgonjwa wa aina hiyo zaidi ya mara mbili kazini, lakini ngozi, nywele, kucha, yote matatu yalikuwa mbele yangu, na yalisema jambo moja.

Nikamaliza chai. Nikaenda kazini.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichohisi njiani ili nijitetee. Nilikuwa nawaza kama nimefunga bomba la maji nyumbani. Nilipofika pale kesho yake nilikaa benchi la upande wa pili, ambapo ningeona mgongo wake tu. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kumwendea mwanamke kazini kwake na kumwambia neno kama lile mbele ya wateja. Nilijiambia nitamtafutia nafasi. Nafasi zilikuwepo. Kuna asubuhi mvua ilinyesha tukawa mimi na yeye peke yetu chini ya mabati, nusu saa nzima, na ndiye aliyezungumza.

"Mwanangu, wewe umefiwa?"

"Umejuaje?"

"Unakula kama mtu anayemeza dawa."

Nikamwambia mamangu. Akasema pole, akauliza aliugua nini, akauliza kama alikuwa anaongea. Nikasema hapana. Akaniwekea hamri la pili bila kuniuliza, akaketi karibu yangu, mkono wake wa kushoto juu ya goti lake. Nilitazama mvua.

Ramadhani ikaanza, ikaisha, Idi ikapita. Wiki sita.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Nilikuwa na zamu ya nusu siku, nikapita kula viazi kabla ya kurudi Magongo. Madereva watatu walikuwa benchini. Yeye alikuwa anabishana nao kuhusu bei ya mafuta ya kupikia, amegeuka upande wao, na mkono wa kushoto ameuegemeza nyuma yake. Nilisikia harufu kwanza. Nilidhani kuna mtu anachoma nyama. Kisha nikaona kwamba amelaza vidole viwili juu ya ukingo wa karai, na yeye anaendelea kucheka.

Niliamka. Sikumbuki kuamka, nakumbuka nimemshika kifundo cha mkono na kuvuta, na ngozi ya vidole ikibaki pale kwenye chuma. Tangu nimwoshe mamangu sikuwa nimemshika mtu kwa mkono mtupu. Alinitazama usoni. Hakutazama mkono wake.

"Kuna nini?" akauliza.

Dereva mmoja akacheka. "Si niliwaambia? Chuma!" Kisha akaona vile vidole, akainuka akaondoka na sahani yake mkononi.

"Mama," nikasema, "zima jiko. Twende kazini kwangu."

"Kwa hili? Nitapaka asali."

"Si kwa hili."

Akanitazama tena, safari hii kwa muda. Akazima jiko.

Kituoni nilimwomba msimamizi chumba cha mwisho, kile chenye dirisha kubwa. Alitazama vidole vya yule mama, akanitazama mimi, akanipa ufunguo. Nikaosha kidonda kwa maji safi na nikakifunga kwa shashi yenye mafuta, na muda wote huo yeye alikuwa anatazama nilivyofanya kama mtu anayetazama kiatu chake kikishonwa. Kisha nikafungua pazia, nikamweka kwenye kiti mbele ya dirisha, nikamwambia ninataka kumtazama mwili mzima.

"Kwa nini?"

"Nikimaliza nitakwambia. Sitakuficha."

Nikaanza kichwani. Nikapitisha vidole kwenye nywele, nikatafuta vipele, uvimbe, mahali penye upara. Nywele zilikuwa nzima. Nikashuka kwenye nyusi. Nikamuuliza zilianza kukatika lini.

"Hizi? Miaka mitatu, minne. Nilidhani ni uzee. Binti yangu hunichora kwa wanja nikienda harusini."

Kwenye ndewe nikahisi vivimbe vidogo vigumu chini ya ngozi. Kwenye kiwiko cha kushoto, nyuma, pale ukigonga mkono mzima hushtuka, nikatafuta ule mshipa wa fahamu. Kwa kawaida ni mwembamba, unateleza chini ya kidole. Wake ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Nikalinganisha na wa kulia. Wa kulia ulikuwa umeanza kunenepa.

Nikahesabu mabaka: moja mkononi, mawili mgongoni, moja pajani. Nikamuuliza kama yanawasha.

"Hayawashi, hayaumi. Duka la dawa walinipa mafuta ya choa. Nikapaka mwaka. Halafu wengine wakasema ni mba. Nikaacha."

Nikachukua pamba, nikaisokota ncha mpaka ikawa kama uzi. Nikamwonyesha kwanza akiwa ametazama: hivi, nikikugusa, weka kidole pale nilipokugusa. Akafanya vizuri. Kisha nikamwambia afumbe macho.

Nikamgusa bega. Akaweka kidole pale pale. Nikamgusa shingo, akaweka. Nikamgusa mkono wa kulia juu ya kifundo, akakosea kidogo. Nikamgusa katikati ya lile baka. Akangoja. Nikamgusa tena. Akangoja, macho yamefumba, uso umetulia, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake.

"Umeshaanza?" akauliza.

"Endelea kufumba."

Nikamgusa kiganja cha kushoto, kidole cha mwisho, kidole cha pete, ukingo wa mkono mpaka kiwiko. Kidole chake cha kulia kilikuwa kimesimama hewani tayari kuonyesha. Hakikushuka. Mwisho nikaona ndani ya kope zake machozi yanajikusanya, na nikajua kwamba ameshaelewa kuwa nimeshaanza kitambo.

Kucha nilizitazama mwishoni. Niliandika yote kwenye fomu, kwa mpangilio, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikwenda kumwita daktari wetu, kijana mpole aliyesomea bara. Alipapasa ule mshipa, akachukua majimaji kidogo kutoka kwenye ndewe kwa ajili ya maabara, akaniambia niongee naye mimi kwa kuwa tunajuana.

Nikavuta kiti tukakaa magoti kwa magoti.

"Mama, ugonjwa huu unaitwa ukoma."

Nje mtoto alikuwa akilia kwenye chanjo.

"Ule wa kwenye Biblia?"

"Watu huuita hivyo. Lakini sasa una dawa. Utakunywa kila siku mwaka mmoja, na kila mwezi utakuja kumeza dozi moja mbele yetu. Ni bure. Ukishaanza, baada ya muda mfupi tu huwezi kumwambukiza mtu."

"Nimepikia watu miaka tisa."

"Haupiti kwenye chakula. Hupita kwa pumzi, kwa kuishi karibu na mtu muda mrefu, na miili ya watu wengi huushinda. Tutamkagua binti yako na wengine wa nyumbani."

Akatazama shashi kwenye vidole vyake.

"Na huku kusikia kutarudi?"

"Sijui. Pale palipokufa siku nyingi, pengine hapatarudi. Dawa inazuia usiendelee."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukusanya karatasi. Akaniwekea mkono wa kulia juu ya fomu.

"Uliponivuta pale kibandani, nilikwambia nitapaka asali. Ukasema si kwa hili. Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema juzi.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Aliondoa mkono wake. Msimamizi alifungua mlango, akatuona, akafunga.

"Siku ile ya mvua ulikuwa unajua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nikakupa hamri."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia kweli, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine. Nikamwambia kwamba macho yaliona, lakini ndani hakukuwa na mtu wa kuamka na kufanya jambo. Nikamwambia kuhusu kumgeuza mamangu. Maneno yalitoka makavu, na niliyasikia kama ya mtu mwingine anayetoa ripoti ya zamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mamako angekuona siku ile ya mvua angesema nini?" Akachukua mkoba wake akasimama. "Kesho nije saa ngapi kuchukua hizo dawa?"

Vidole viliingia usaha. Nilivifunga kila siku kwa wiki tatu, mimi mwenyewe. Nilimwomba msimamizi anitoe meza ya mbele. Kidole kidogo kilipona. Cha pete ncha yake ilikatwa hospitali kubwa, kwenye kiungo cha kwanza. Siwezi kusema kwamba fahamu za mkono wake zilikufa kwa sababu yangu, zilikuwa zimekufa zamani. Lakini ile ncha ya kidole ilikuwepo kabla ya Ramadhani, na ingekuwepo hadi leo.

Tulimkagua binti yake. Alikuwa safi. Lakini alitoka kwenye kile chumba na kwenda kununua sahani yake mwenyewe na kikombe chake, akaviweka nyumbani kwenye rafu ya juu, mbali na vya mamake. Yule mama aliniambia hivyo mwezi wa pili wa dawa akiwa amekuja kumeza dozi yake, bila kulalamika, akisubiri nimjazie maji kwenye bilauri. Mwezi wa nne ngozi yake ilikuwa imeiva rangi, nyeusi yenye wekundu, kwa sababu ya dawa moja kati ya zile. Madereva walimuuliza kama anapaka kitu. Aliwaambia ni jua.

Nilimfundisha kazi mpya ya macho. Asubuhi na jioni aloweke mikono kwenye maji ya kawaida, apake mafuta, kisha aitazame mmoja mmoja, mbele na nyuma, kila kidole, kwa sababu mkono wenyewe hautamwambia. Sufuria zote nikamfungia mbao kwenye mishikio. Aliyatia hayo yote akilini kuliko nilivyotarajia. Siku moja alinijia na malengelenge madogo kama punje ya mchele, ameyaona mwenyewe, na akayaonyesha kwa fahari ile ile aliyokuwa nayo zamani kwa madereva.

Hakunisamehe, au hakusema. Nilizoea. Nilikuwa nakunywa chai yake kila asubuhi na alikuwa ananimiminia.

Mwezi wa kumi aliwaambia kina mama wa kanisa lake. Hakuna aliyemlazimisha. Walikuwa kwenye maombi nyumbani kwa mmoja wao, wakaombwa kutaja ya kushukuru, akasema anashukuru kwa kuwa ana ukoma na unapona. Waliimba, wakamwombea. Wiki iliyofuata zamu ya kupika ilipofika kwake, mwenyekiti alimpigia simu akamwambia apumzike, wengine watapika.

Alikuja kituoni siku hiyo hiyo. Hakuwa na dozi ya kumeza.

"Niandikie barua," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kwamba mikono yangu ni ya kupikia."

Nikaiandika. Nikaweka muhuri wa kituo. Akaisoma, akaikunja, akaniuliza, "Na wakisema karatasi si mtu?"

Jumapili ya zamu ile nilikwenda mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya kupanga, karibu na reli mpya, sebule ndogo yenye viti vya plastiki. Yeye alikuwa amekuja na sufuria yake ya wali wa nazi, amekatazwa asikatazwe, ameiweka mezani pamoja na za wengine, mfuniko juu. Wanawake kumi na tano hivi walikuwa wamekaa wakiitazama meza. Barua ilikuwa imezunguka mkononi mwa kila mmoja na ilikuwa sasa imelala kwenye mapaja ya mwenyekiti.

Sikutoa hotuba. Nilisema mimi ni muuguzi wa kituo fulani, huyu ni mgonjwa wangu, yote yaliyoandikwa ni kweli. Nikachukua sahani, nikafunua ile sufuria, nikajipakulia, nikakaa, nikala. Kumtazama mtu akila kimya kimya ni jambo refu. Nilikula sahani yote. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akajipakulia wa pili. Baada yake mwanamke mmoja mzee akasogea, kisha wengine wawili. Mwenyekiti hakula wa sufuria ile. Wengi hawakula. Hawakusema neno baya, walijipakulia tu kutoka kwenye sufuria nyingine.

Yeye alikuja akakaa kando yangu, mikono yake yote miwili juu ya magoti.

"Ule wali una nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Chumvi imepungua kidogo."

"Najua. Niliogopa kuonja mbele yao." Akatazama ile meza. "Wanne, ukiacha wewe."

"Wanne."

"Umekula kwa sababu yangu au kwa sababu yako?"

Nikafikiri. Ndani yangu mlikuwa kimya kama kawaida, lakini nilikuwa nasikia njaa, njaa kabisa, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

"Sijui, mama."

Akachukua sahani yangu mkononi, akaigeuza akaitazama, akainuka akaenda kuniongezea.